Kwaresima ya Macho Yaliyofumbwa

Igogwe,
31 Januari 1993

Wifi yangu Winfrida,

Nakusalimu wewe, shemeji Hosea na watoto. Hili doa jeusi hapa pembeni si chozi, usianze kulia bure. Ni utomvu wa ndizi. Nimetoka kukata mkungu sasa hivi, na nikisema ninawe kwanza mpaka utoke, hamu ya kuandika itaniisha.

Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua haikatiki, nguo zinashinda kwenye kamba siku tatu na bado zinanuka ukungu. Ng'ombe amezaa, tena dume, basi maziwa tutakunywa lakini mtamba hatuna. Joyce wangu ameanza darasa la kwanza. Nimempeleka Suma kwa mama yangu, maana hapa angevuka mto kwenda shule, na mto wenyewe unaujua ukijaa. Maduka ya Tukuyu sasa yamejaa, wifi, ungekuja ungeshangaa. Sabuni za Malawi za kila rangi. Nikiziona nakumbuka mimi na wewe tulivyofua mashuka ya nyumba nzima kwa majivu, mama mkwe akitusimamia kama nyapara. Kaburi la kaka yako Lugano nimelipalilia kabla ya Noeli, na la mama pia. Maua yako ya njano yameshika vizuri.

Sasa lililonikalisha hapa. Baba ameanguka.

Alikuwa anakwenda kigangoni kuongoza ibada kama kawaida yake, maana unamjua, ukatekista alishaacha lakini ukatekista haujamwacha yeye. Akaangukia kwenye mteremko karibu na kijito. Vijana wakambeba mpaka hospitali. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa, mdomo umepinda, maneno yanatoka lakini yamelegea. Hospitali wamemhudumia vizuri, Mungu awabariki, na sasa wameturudishia nyumbani. Wamesema ageuzwe mara kwa mara, asafishwe, ainuliwe mgongo ndipo alishwe, mkono na mguu vinyooshwe kila siku. Tukifanya hivyo anaweza kutembea na fimbo. Tusipofanya, vidonda vya mgongoni vitammaliza.

Wa kufanya ni nani? Kaka yako hayupo, mama hayupo. Kwa sasa anakuja Mzee Ackson, yule waliyekua naye, asubuhi na jioni. Ananyanyua, anaosha, analisha. Mimi napika, naweka sahani kizingitini, nakohoa, napotelea nyuma ya nyumba. Shemeji Hosea kama anasomea begani kwako, hebu mweleze, maana kwao Njombe sijui kama wana mambo haya. Mweleze kwamba mke wa mtoto hamwoni baba mkwe na baba mkwe hamwoni yeye. Tangu niolewe hapa nimepita njia yangu ya migombani na yeye njia yake ya mbele, tumeishi kiwanja kimoja na uso wangu haujui. Akikohoa nainama, nikikohoa anageuka. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo.

Kwako hakuna mwiko, wifi. Wewe ni damu yake. Mzee Ackson naye ni mzee, magoti yanalia akimwinua.

Najua kilichopita. Sikiandiki. Njoo tu.

Wifi yako,
Atupele


Mlimba,
20 Februari 1993

Wifi Atupele mwenye utomvu,

Barua yako nimeipata juzi. Sijui ilipita wapi, bahasha imechakaa kama imekuja kwa miguu. Ndaga fijo kwa kuniandikia.

Hapa hatujambo. Joto, mbu na mpunga, ndiyo Mlimba hiyo. Watoto wanakua, wanakula kama mchwa. Hosea bado yuko relini ila maneno ni mengi, wanasema watapunguzwa watu, kila asubuhi wanaume wanasimama mbele ya ubao wa matangazo kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Mimi nauza maandazi stesheni. Treni ikichelewa ndiyo furaha yangu, abiria wananunua mpaka ya jana. Hosea amesoma barua yako, na kweli alisomea begani, wewe mchawi. Akacheka akasema huko kwenu mtu anaweza kuishi na mkwe wake miaka kumi wakakutana sokoni wasijuane. Nikamwambia ndiyo maana hatugombani.

Nimekununulia mashuka mawili na kanga doti moja, amebeba binti wa jirani anayepita Mbeya. Mashuka ya mgonjwa, kanga ni yako. Usije ukamfunika nayo mgonjwa, nakujua.

Kuhusu huyo baba yako, pole. Nasema pole kwa moyo wote, maana kazi ni yako.

Lakini kuja, siji.

Wewe ulikuwepo siku ile, ulikuwa nyuma ya ukuta kama kawaida yako na ulisikia kila neno. Nilimwambia mzee kwamba huyu Hosea, mke wake wa kwanza alimwacha mwenyewe, akaenda zake Zambia na mwanamume mwingine, sikumnyang'anya mtu. Nilimwambia tutafunga ya bomani, mengine tumwachie Mungu. Akasema nini? Akasema hawezi kusimama mbele ya waumini akifundisha amri huku nyumbani kwake anafuga dhambi. Akasema nisikanyage kwake mpaka nimwache. Na Jumapili iliyofuata akasimama kigangoni akafundisha juu ya baba aliyemkimbilia mwanawe mpotevu akamkumbatia. Jumapili hiyohiyo, wifi! Mimi nimekaa benchi la nyuma na kibegi changu miguuni.

Kwa hiyo huruma ya Mungu wake naijua, inamfikia kila mtu isipokuwa mimi. Mwache auguzwe na hao aliowahurumia.

Jumatano hii ni Majivu. Nitakwenda, nitapakwa, hilo hawajanikataza. Komunyo ndiyo nakaa nikiangalia wenzangu wanapanga mstari. Unazoea.

Usinichukie. Mshike Mzee Ackson vizuri, mpikie kande, anapenda.

Winfrida


Igogwe,
15 Machi 1993

Wifi yangu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mashuka yamefika na kanga imefika, nimeivaa Jumapili, wanawake wakaniuliza nimeolewa wapi tena. Joyce anakusalimu, ameandika jina lake mwenyewe kwa mkaa kwenye mlango wa bibi yake na amechapwa kwa hilo. Maharage yameoza kwa mvua. Chai inachumwa vizuri. Ndizi, Mungu asifiwe, hazijatutupa.

Siwezi kukuchukia. Nilikuwepo, ndiyo. Nilisikia.

Mzee Ackson hayupo. Binti yake wa Masukulu amejifungua vibaya na mumewe hayuko, ikabidi mzee aende kushika nyumba. Alikuja kuniaga kwa aibu kama anakimbia deni. Nilizunguka kwa majirani. Wanaume wanakuja kumsalimia Baba, wanakaa, wanasali, lakini ukitaja kuosha kila mmoja anakumbuka ng'ombe wake. Siku mbili alikaa vilevile alivyoachwa. Nilikuwa nasikia harufu hata nikiwa jikoni, wifi. Siku ya tatu nikasikia anaugulia.

Nikajifunika ile kanga yako kichwani mpaka puani, nikachemsha maji, nikaingia.

Nilipovuka kizingiti beseni lilimwagika nusu. Hakuna mtu aliyeniambia nitafanyiwa nini nikivuka mwiko huu, ila tangu nikiwa msichana nimesikia: utavimba, utakauka, uzazi utafungwa, mtoto wako atadhoofu. Nilimkumbuka Joyce. Nikasimama pale nikasali Baba Yetu mpaka mwisho, nikaikosea, nikarudia. Baba aliposikia kikohozi si cha Mzee Ackson, alifumba macho. Akayafumba kwa nguvu kama mtoto anayepakwa dawa, akageuza uso ukutani. Nikamwosha. Sitaandika zaidi ya hapo. Kidonda kimoja kilikuwa kimeanza kiunoni, sasa kinakauka.

Tangu siku hiyo kila nikiingia anafumba. Na kula hali. Nikimwinua na kumletea kijiko anabana meno. Maji kidogo, basi. Mwanzoni nilidhani ugonjwa umefika kooni, lakini siku moja alikuja Asukile wa jirani akampa uji, akanywa nusu kikombe. Nikaelewa. Anaona haya kulishwa na mimi, na anaona haya kusafishwa na mimi, na amepiga hesabu kwamba asipokula hatakuwa na cha kusafishwa. Anapungua, wifi. Mbavu zinahesabika.

Sasa sikiliza la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Wana jumuiya wamekuja kusali Njia ya Msalaba hapa kwetu Ijumaa. Wakamwona amefumba macho, wakasikia hali chakula. Unajua wamesema nini? Wamesema mzee anafunga Kwaresima. Wamesema hata katika kiharusi mtumishi wa Mungu ameyafumba macho asione mambo ya dunia. Mama mmoja akalia. Jumapili wakatangaza kigangoni kwamba tuige mfano wake, na tangu hapo wanakuja makundi makundi kumwangalia anavyofunga. Wanakaa, wanaimba, wanasifu, wanaondoka. Na hakuna anayemletea hata kijiko cha uji, maana nani atamfungulisha mtakatifu?

Mimi nanyamaza. Nikisema ukweli namvua nguo mbele ya watu, na mimi mwenyewe najivua. Nisiposema, anakufa akisifiwa.

Nimechoka, wifi. Leo nimesema. Siyo mgongo, mgongo ni wangu nimeuzoea. Nimechoka kumpa mtu uhai akautemea ukutani.

Atupele


Mlimba,
30 Machi 1993

Wifi,

Leo salamu fupi. Wote wazima, mdogo alikuwa na malaria amepona.

Nimesoma barua yako stesheni, treni ikaja ikaondoka sijauza andazi hata moja.

Nilifungasha. Nataka ujue. Nilitoa nguo sandukuni, Hosea akaulizia nauli, nikakaa kitandani nikafikiria mlango ule. Nikaona nafika, naye ananifumbia macho na mimi. Wewe anakufumbia kwa heshima, mimi angenifumbia kwa hukumu. Nikafungua mizigo. Hosea alirudisha nguo moja moja mwenyewe.

Lakini hasira nimeshindwa kuimeza, na safari hii si kwa ajili yangu. Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya Petro! Kila Kwaresima, tukiwa watoto, tumekaa kwenye mikeka, meno yanagongana kwa baridi. Petro alivyokataa kuoshwa miguu na Bwana, na Bwana akamwambia kama hutaki kuoshwa basi huna sehemu nami. Alikuwa anatuuliza, mnajua kwa nini Petro alikataa? Anasema, kwa sababu aliona haya. Halafu anacheka, kile kicheko chake cha puani.

Mwambie hayo. Mwulize kama alikuwa anatufundisha au alikuwa anasoma tu. Usimwambie yametoka kwangu.

Na wewe kula. Usijifanye nawe unafunga.

Winfrida


Igogwe,
13 Aprili 1993

Wifi yangu Winfrida,

Bwana amefufuka. Nakusalimu kwa hilo kwanza, mengine yanafuata. Tu wazima, wote wawili. Joyce alikuja kwa sikukuu, hajadhoofu, hajavimba, amekula ndizi na nyama mpaka akalala ameshika mfupa. Mzee Ackson amerudi, mjukuu wake anaendelea vizuri.

Barua yako ya tarehe thelathini nimepewa jana, Jumatatu ya Pasaka. Kwa hiyo ushauri wako umefika mambo yamekwisha. Nimeisoma nimekaa kwenye gogo la jikoni, nikairudia palepale, na utajua kwa nini.

Alhamisi Kuu mchana Padre Prosper alipita kuwakomunisha wagonjwa. Wazee wa kigango wakaja naye. Unakumbuka kila mwaka Baba alikuwa mmoja wa wale wazee kumi na wawili wanaooshwa miguu parokiani. Wakamwomba Padre, maadamu mtu huyu hawezi kufika na amefunga namna hii, amwoshee hapahapa nyumbani, iwe heshima yake. Padre hakupenda sana, nilimsikia akisema ibada ina mahali pake, lakini wazee walivyomshika ukajua hatoki bila kuosha.

Nikachemsha maji, nikaweka kizingitini, nikakohoa, nikarudi nyuma ya ukuta. Mahali pangu pale pale.

Nikasikia wanaimba. Nikasikia mzee Lwitiko anaeleza mbele ya Padre jinsi mgonjwa alivyoikataa dunia. Nikasikia blanketi linafunuliwa, kisha maji yanamiminwa kwenye beseni. Halafu kitu kikagonga kitanda. Baadaye waliniambia ni ule mguu wa kushoto, mzima. Ameuvuta.

Padre akamwambia taratibu, Mzee, ni miguu tu.

Baba akasema, "Imeoshwa."

Unajua sauti yake ilivyo sasa, maneno yanatoka na mate. Lakini hilo lilitoka wazi. Padre akauliza imeoshwa na nani. Mzee Lwitiko akajibu haraka kwamba ni Ackson, rafiki yake. Mwingine akasema lakini Ackson yuko Masukulu mwezi mzima. Nikasikia kuku anaparua mlangoni, wifi. Nikataka kukimbilia migombani. Nikajua sasa ndiyo naumbuliwa, mwanamke aliyemvua nguo baba mkwe, na kesho nitarudishwa Suma na kikapu changu.

Baba akasema, "Mkwe wangu. Kila siku."

Akavuta pumzi, akasema, "Na msitangaze nafunga. Sikufunga mimi. Nilikuwa nasusa."

Sijui kama huko Mlimba unaweza kuona nyuso zao. Mimi sikuziona, nilikuwa nimeegemea ukuta nimeuma kanga. Akaendelea kidogo kidogo, nusu sikuisikia, Padre alinihadithia nyingine. Alisema amewafundisha watu huruma ya Mungu tangu kijana na alidhani ni kitu cha kugawa kama mbegu, anayegawa ni yeye. Alisema kuipokea ni kazi ngumu kuliko kuihubiri na hakuna aliyemfundisha. Kisha akasema niitwe.

Sikwenda. Padre Prosper akatoka mwenyewe akaja nyuma ya nyumba, akanikuta, akasema tu, "Mama Joyce, anakuita." Nikajifunika, nikaingia nimeinama, nikasimama pale ninaposimama kila siku na beseni. Baba akasema ondoa nguo usoni. Nikaondoa.

Akanitazama. Alitazama sana, jicho moja linatoa machozi lenyewe tangu augue, sijui kama alikuwa analia. Mwishowe akasema, "Kumbe bado mdogo. Nilidhani umezeeka."

Nikacheka, wifi. Mbele ya Padre na wazee wote, Alhamisi Kuu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka kwa puani, upande mmoja wa uso. Jioni ile nikampa uji, bakuli zima. Ijumaa Kuu watu wengine wamefunga, yeye nikamlisha, Padre alisema mgonjwa hafungi.

Si wote waliopenda. Kuna wanawake wawili hawanywi tena maji yangu, na mama mmoja wa jumuiya ameniambia usoni kwamba mila si mchezo. Nimemwambia najua. Naogopa bado, nikiumwa kichwa nafikiria ndiyo hiyo. Lakini nampeleka mpaka kwenye kiti cha nje asubuhi na jua likiwaka kidogo anakaa.

Ila kuna kimoja kimenishinda. Jina lake. Kumwosha nimeweza, kumtazama nimeweza, tunaongea. Nesi alipokuja kupima aliniuliza mgonjwa anaitwa nani, ulimi ukakataa kabisa, nikamwonyesha kadi. Hata neno linalofanana na hilo jina sijawahi kulitamka tangu niolewe. Nadhani nitazikwa nalo.

Sasa la kwako. Jana asubuhi nimemlisha, namfuta mdomo, akaniuliza, "Winfrida ana watoto wangapi?"

Tangu uondoke jina lako halijatajwa ndani ya nyumba hii. Kijiko kilinidondoka. Nikasema watatu, Baba. Akauliza wanaitwaje. Nikasema wa pili ni Anyosisye, wa tatu ni Lusungu, wa kwanza sijui, hajawahi kuniandikia. Kisha akasema, "Mwandikie umwulize."

Hakusema zaidi, na mimi siongezi. Nimeambiwa nikuulize, nakuuliza.

Atupele


Mlimba,
2 Mei 1993

Wifi yangu,

Hatujambo. Hosea hakupunguzwa, wamepunguzwa wenzake, nyumba tatu za mtaa huu zinafungasha, hata kufurahi unaona aibu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, Hosea ameisoma, kisha nikamsomea mama wa jirani ambaye hata hamjui mtu yeyote ndani yake, tukalia wote wawili. Umeogopa hivyo na bado uliingia na beseni. Mimi nina mdomo mkubwa, lakini moyo ni wa kwako. Mungu akulinde na maneno yao, wewe na Joyce.

Baba yangu hakusema nije. Nimeona. Hakusema amekosa, wala hakusema amenisamehe, na mimi sijui kama nimemsamehe. Ameuliza majina tu. Lakini mtu ambaye bado anakufukuza haulizi majina ya watoto wako.

Huyo wa kwanza nilikuficha, nilikuwa naandika "watoto" tu nikapita. Alizaliwa mwaka uleule niliotoka na kibegi changu. Hosea aliniuliza mtoto aitweje, nikiwa na hasira zangu zote nimelala pale kitandani, mdomo ukasema wenyewe. Nikaona haya baadaye. Nikasema hatajua, akijua atadhani najipendekeza.

Anaitwa Asajile.

Haya. Sasa kamwambie, wifi, wewe ambaye ulimi wako hauwezi. Nimecheka peke yangu hapa mpaka Hosea amekuja kuniangalia. Na usimtume Mzee Ackson, wala usimwonyeshe karatasi hii. Mwambie tu majibu yamo njiani.

Hosea amekata tiketi tatu, yangu, yake na ya huyo kijana, wadogo wanabaki kwa jirani. Treni yetu inapita hapa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, barua hii itakuwa imetangulia. Chemsha maji, na usimvalishe baba nguo za sikukuu, mwache kwenye kiti chake cha nje. Mimi nitasimama barabarani kwanza, nisikanyage mpaka niitwe. Mtoto ndiye atakayetangulia, na akiulizwa jina lake atajibu mwenyewe.

Winfrida